Kinundu kwenye ulimi: karatasi inasema si kansa, ukweni wanasema kisu kisiguse

BARUA

Shikamoo daktari.

Mimi ni mama wa miaka 33, napika na kuuza chakula karibu na stendi ya Buzuruga hapa Mwanza. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 8, mdogo ana miezi 7 na bado ananyonya. Naomba usiandike jina langu, maana wateja wangu wengi wanasoma simu wakati wanasubiri wali.

Shida iko kwenye ulimi. Upande wa kulia, pembeni, usawa wa magego, nina kinundu. Kilianza kama punje ya kunde, miaka miwili na nusu iliyopita, nikadhani nimejing'ata. Sasa kimefika ukubwa wa harage. Hakiumi. Rangi yake ni ileile ya ulimi, hakina kidonda, na ukikishika kinateleza chini ya vidole kama ile punje ngumu ya ndani ya jicho la sato aliyeiva. Tatizo ni kwamba siku hizi kinaingia kwenye meno. Nikila harakaharaka nakiuma, kinavimba siku mbili, kinarudi.

Kazi yangu ni kuonja. Natia mchuzi kiganjani, naulamba, najua kama chumvi imekaa au nyanya bado mbichi. Ulimi ukiharibika, jiko limekufa.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki moja ya meno. Daktari alinichoma ganzi, akanyofoa kinyama cha juujuu, kama punje ya mchele, akaweka nyuzi moja, akasema majibu ni wiki tatu. Yalipotoka yalikuwa kwa Kiingereza. Mwalimu jirani yangu akanitafsiria: "Uvimbe wa ala ya neva, si saratani. Kipande ni kidogo na ni cha juu, aina yake haikuweza kutofautishwa. Tunashauri uvimbe uondolewe wote na upimwe tena." Daktari wa kliniki akasema nikatwe, shilingi 150,000 pamoja na kipimo. Daktari mwingine, anayefahamiana na mdogo wangu, aliniambia kwenye simu kwamba kama si kansa na hakiumi, nikiache tu.

Nyumbani ndiko kuna kazi. Mama mkwe anasema uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika. Mwaka juzi mtoto wake, kaka wa mume wangu, alivimba taya. Kwanza alifungwa dawa za miti, hali ikawa mbaya, akapelekwa hospitali akapasuliwa, hakumaliza miezi minne. Tangu hapo nikitaja hospitali mume wangu anatoka nje kuangalia pikipiki. Mama mkwe amepata mtu huko kwao Sengerema, anakata vimeo vya watoto, na uvimbe wa mdomoni anaufunga uzi wenye dawa mpaka unadondoka wenyewe. Elfu ishirini tu.

Tena anasema huu ni mkosi mmoja. Mwanangu mkubwa ana madoa ya rangi ya chai ya maziwa, mgongoni na tumboni, tangu akiwa mchanga. Anasema yametoka kwangu, na sasa yamenipanda ulimini.

Pesa za kikoba ninazo, 280,000, ila mume anataka tulipe kodi ya nyumba. Nikatwe, nikiache, au niende Sengerema? Na nikikatwa, nitaonja tena?

Mama wa jikoni, Buzuruga


JIBU

Marahaba, mama, na pole kwa kujiuma hapo hapo kila wiki. Umeeleza kinundu chako vizuri kuliko barua nyingi za rufaa: kiko wapi, kina muda gani, kinashikika vipi. Ile ya jicho la sato nitairudia, kwa sababu ina maana ya kitabibu.

Nikikusoma naona maswali matatu umeyafunga kwenye pindo moja la kanga. La kwanza ni kama hiki kitu ni kansa au kitageuka kansa. La pili ni nini kitaupata ulimi wako ukikatwa, na nini kitaupata usipokatwa. La tatu ni madoa ya mtoto. Ukweni wameyachanganya yote yakawa kitu kimoja kinachoitwa mkosi. Madaktari wako wawili nao wamelijibu moja kila mmoja na kuyaacha mengine. Tuyafungue moja moja.

Karatasi inasema uvimbe wa ala ya neva. Neva ndiyo mshipa wa fahamu, ule unaopeleka hisia na amri, si mshipa wa damu. Fikiria waya wa umeme: ndani kuna shaba, nje kuna plastiki. Neva nayo ina nyuzi za ndani na ala inayozifunika, na ala hiyo inatengenezwa na seli zilizopewa jina la Theodor Schwann, Mjerumani aliyezieleza mwaka 1839. Seli hizo zikizaliana kupita kiasi zinatoa kinundu. Mdomoni, ulimi ndiyo sehemu kinapoonekana zaidi, na mara nyingi kinakuja kama chako: polepole, bila maumivu, laini juu, rangi ileile.

Ila hilo ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo kuna ndugu wenye tabia tofauti, na hapo ndipo karatasi yako ilipokwama.

Wa kwanza anaitwa shwanoma. Huyu ana ganda lake, anakua akiwa ameegemea neva na kuisukuma pembeni. Mpasuaji akifika kwenye ganda anaweza kumbandua kama unavyotoa karanga kwenye ngozi yake, na neva kubwa ikabaki. Akitoka mzima ni nadra kurudi. Kinundu kinachoteleza chini ya vidole, kama chako, kinaendana naye, ingawa vidole havitoi cheti.

Wa pili ni nyurofibroma. Huyu kwa kawaida hana ganda la kueleweka, na nyuzi za neva zinapita katikati yake kama mizizi kwenye udongo. Kumtoa ni kukubali kutoa na kale katawi ka neva alikoota. Akiwa peke yake mdomoni, kwa mtu asiye na dalili nyingine, anaondolewa na mambo yanaisha. Akiwa ni sehemu ya ugonjwa wa kurithi, habari ni nyingine, tutaifikia tukiongelea madoa.

Wa tatu ana seli zilizojaa chembechembe, na mdomoni anapenda ulimi kuliko mahali pengine pote. Nakutajia huyu kwa sababu ya kinyama chako cha punje ya mchele. Yeye anaifanya ngozi ya ulimi iliyo juu yake kunenepa na kuota vidole kwenda chini, hadi kwenye hadubini ikafanana na saratani. Kipande kikichukuliwa juujuu, bila nyama ya chini, mtu anaweza kuambiwa ana kansa wakati hana. Mpimaji wako aliona kipande hakitoshi, akaandika hivyo, akaomba uvimbe mzima. Hajashindwa kazi. Angekuwa na papara angekuandikia jina lolote.

Yupo na wa nne, ambaye kusema kweli si uvimbe hasa: neva iliyokatwa au kupondwa ikajaribu kujiunga, ikajikunja fundo. Anakuja sana mahali palipong'olewa jino au panapokandamizwa na meno ya bandia, na mara nyingi ukimbonyeza anauma au anapiga kama shoti. Chako hakifanyi hivyo.

Basi kabla hujaamua lolote, kuna hatua isiyohitaji kisu. Kile kipande chako hakikutupwa. Maabara hukigandisha kwenye nta na kukihifadhi, na namba yake imeandikwa kwenye karatasi ya majibu. Daktari anaweza kuomba kikatwe tena tabaka jipya na kupakwa rangi inayotafuta protini iitwayo S100. Shwanoma huipokea kwa nguvu karibu kila mahali, nyurofibroma huipokea kwenye baadhi tu ya seli. Kwa kipande kidogo hivyo huenda jibu lisitimie, na kipimo kina gharama yake, kwa hiyo uliza kwanza bei na kama nyama iliyobaki inatosha. Wapo watakaosema afadhali pesa hiyo iende kwenye kutoa kinundu chote, kwa kuwa kitapimwa tu. Nao wana hoja.

Sasa maneno ya mama mkwe. Usimcheke, maana anachosema amekiona kwa macho yake: mtu alivimba, akaguswa na chuma, akafa. Ila tazama mpangilio wenyewe. Kansa nyingi zinafika hospitali zikiwa zimechelewa, baada ya miezi ya dawa za kufunga. Kisu kinakuta ugonjwa umeshasambaa, mgonjwa anafariki, na watu wanakumbuka kisu kwa sababu ndicho kilichokuja mwisho. Shemeji yako sijui alikuwa na nini, na barua yako haisemi kama nyama yake ilipimwa. Uvimbe wa taya una majina mengi yasiyohusiana na kinundu cha ulimi. Kukata shwanoma au kuichukua kipande hakuifanyi kuwa kansa, na hata ikiachwa, kugeuka kwake ni nadra mno.

Kuhusu mume wako, wewe umeona ukimya. Mimi nimesoma kwamba marehemu alikuwa kaka yake. Inawezekana anayetoka nje kuangalia pikipiki hapingi matibabu yako, ni mtu asiyeweza kukaa tena kwenye benchi lile. Siku ya kwenda kumsikiliza daktari, mwombe aje ndani, aulize mwenyewe swali la kaka yake. Mazungumzo ya kodi yanaweza kuwa mepesi baada ya hapo.

Daktari wa kwenye simu naye hakukosea. Kinundu kisicho kansa, kisichouma, kinaweza kuangaliwa. Lakini yeye hakukiona, na sijui kama alisomewa ule mstari unaosema aina haijajulikana. Ukichagua njia ya kusubiri, isubiri kwa vipimo. Kila mwisho wa mwezi, kwenye mwanga wa mlangoni, toa ulimi, mtu akushikie rula safi karibu na kinundu bila kukigusa, apige picha. Kila miezi mitatu hadi sita kionwe na daktari wa kinywa. Mwombe pia achunguze gego linalokikuta. Likiwa na ncha kali, kulilainisha ni kazi ya dakika chache na kunapunguza kujiuma hata kama hukatwi leo. Kuna mambo ambayo yakitokea kusubiri kunaisha siku hiyohiyo: kukua haraka ndani ya wiki, kidonda kisichopona kwa wiki mbili, baka jekundu au jeupe juu yake, kutoka damu bila kujiuma, maumivu au ganzi ya ulimi, kinundu kuacha kuteleza na kushikamana, tezi ngumu shingoni.

Hasara ya kusubiri ni ndogo lakini ipo. Kinundu cha sentimita moja na nusu kinahitaji jeraha dogo, cha sentimita tatu kinahitaji jeraha la kina karibu na mishipa mikubwa zaidi. Na wewe unakiuma. Ngozi inayoumwa kila wiki inajenga kovu, inakuwa ngumu, na kovu linamchanganya atakayekipapasa baadaye.

Njia ya kukatwa nikueleze ilivyo, kwa sababu hofu nyingi zinatokana na kutojua kinachofanyika chini ya taa. Kwa kinundu kama chako mara nyingi inatosha ganzi ya kawaida, lidokaini ya asilimia 2 iliyochanganywa na adrenalini kidogo ya kubana mishipa ya damu. Sindano moja huingia upande wa ndani wa taya la chini, karibu na gego la mwisho, kulaza neva ya ulimi upande huo. Nyingine huzunguka kinundu. Haichomwi ndani ya kinundu chenyewe, kwa sababu dawa inakivimbisha na kuharibu sura ya nyama itakayopimwa. Kisha huwekwa uzi mmoja kwenye ncha ya ulimi wa kuuvutia nje, maana ulimi ni nyama inayoteleza na inayotaka kukimbia. Ngozi hupasuliwa kwa urefu wa ulimi, daktari anatafuta ganda, na akilikuta anaacha kukata, anatenganisha kwa mkasi butu taratibu. Asipolikuta, hapo ndipo anapojua huenda anashughulika na yule ndugu wa pili au wa tatu, na anachukua ukingo mdogo wa nyama nzima kukizunguka. Misuli inashonwa, ngozi inashonwa, kwa nyuzi zinazoyeyuka. Kwa ukubwa wa harage kwa kawaida haifiki saa moja.

Kisha nyama iingie kwenye fomalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, si kwenye maji ya chumvi, wala spiriti, wala chupa kavu. Fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama. Ikiwa kidogo katikati inaoza, na mpimaji anapokea uji. Una haki kabisa ya kuuliza, "Chupa yangu iko wapi, na imeandikwa jina langu?" Chupa ikipotea njiani kisu chako kimefanya nusu ya kazi.

Kuonja, sasa. Ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi inasafiri kwenye kamba nyembamba ya neva inayoungana na neva ya ulimi, kulia na kushoto kila upande na yake. Theluthi ya nyuma inatumia neva nyingine kabisa. Na ile picha ya kitabu cha shule, kwamba utamu unaonjwa mbele na uchungu nyuma, ilishaachwa: chumvi unaionja karibu ulimi mzima. Maana yake ni kwamba jeraha pembeni kulia haliwezi kufuta upande wa kushoto wala nyuma. Kinachoweza kutokea ni kipande kidogo kuzunguka kovu kukosa hisia au kuwashawasha, kwa wiki au miezi, na kwa wachache kubaki hivyo. Kuumia kwa neva yenyewe ya ulimi, kiasi cha nusu nzima ya mbele kupooza ladha, kunaweza kutokea iwapo kinundu kiko ndani sana na chini. Ndiyo maana swali la kumuuliza daktari si "nitapona?" Muulize hivi: "Kina kina gani, na kiko umbali gani na neva?" Akiwa na shaka, ultrasaundi inaweza kuonyesha kina chake, na MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, inaonyesha vizuri zaidi ila ni ghali. Kwa kinundu kidogo kilicho juu, wengi hawaihitaji.

Mambo yanayoharibika baada ya hapo mengi ni ya kawaida tu. Ganzi inakaa saa tatu hadi tano, na katika muda huo watu hujitafuna bila kujua, kwa hiyo usile mpaka iishe. Damu ikichuruzika, kunja gozi safi ya kufungia vidonda, bana ulimi kwa dakika 20 bila kuchungulia kila dakika. Uvimbe hupanda siku ya pili na ya tatu. Siku ya kwanza kila kitu kiwe cha baridi au vuguvugu. Kuanzia siku ya pili, sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu baada ya kila mlo. Wiki ya kwanza uji uliopoa, ndizi za kuponda, ugali laini na mchuzi usio na pilipili. Dagaa wakavu na michembe viache, na samaki awe wa kuchambuliwa miiba na mtu mwingine, maana mwiba ukichoma nyuzi utajuta. Na kuonja mchuzi unaochemka hakuna. Kama una binti wa kukusaidia, mzoeze chumvi yako wiki moja kabla. Hilo wapishi wengi hulisahau, wanarudi siku ya tatu na nyuzi zimeachia.

Unanyonyesha, na ganzi ya meno haikuzuii kuendelea. Paraseta mbili za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi nane kwa siku nzima, zinafaa. Mwambie daktari una mtoto mchanga ili asikuandikie dawa kali za maumivu kama kodeini wala tramadoli. Mweleze pia kama unatumia aspirini au dawa yoyote ya miti, na presha ipimwe kabla. Chini ya ulimi kukivimba mpaka unashindwa kumeza mate au kupumua, au damu ikikataa baada ya nusu saa ya kubana, hiyo ni dharura ya usiku huohuo, usingoje kukuche.

Mtu wa Sengerema. Sitakuambia ni tapeli, simjui. Nitakuambia uzi unafanya nini. Uzi unakaba shingo ya kitu kinachoning'inia. Kinundu chako hakining'inii, kimelala ndani ya nyama, kwa hiyo uzi utakaba ngozi ya juu na kuiacha mizizi. Sehemu iliyokabwa inaoza mdomoni, mahali penye bakteria kuliko karibu sehemu zote za mwili, na dawa ya kuunguza inaacha kovu ambalo mpasuaji wa baadaye hataweza kulitenganisha na uvimbe. Pia yeye hapimi alichokata. Vinundu vingine vya mdomoni ni mafundo ya mishipa ya damu, vingine nyuma kabisa ya ulimi ni tezi ya shingo (thairoidi) iliyokwama njiani tangu mtu akiwa tumboni mwa mama yake, na mtu akiikata hiyo anaweza kuwa ameondoa tezi pekee aliyonayo. Kwa macho vyote ni vinundu. Na wembe uliotoka kwenye kimeo cha mtoto mmoja umekwenda wapi baadaye? Hapa elfu ishirini ni bei ya kuingilia tu.

Tumefika kwa mtoto. Hili wewe umelitaja kama uzushi wa mama mkwe, na neno mkosi silikubali. Lakini macho yake yameona kitu kinachostahili kuangaliwa. Upo ugonjwa wa kijeni, nyurofibromatosisi aina ya kwanza, ulioelezwa na Friedrich von Recklinghausen mwaka 1882, unaotokana na hitilafu kwenye kromosomu ya 17, unaompata takriban mtoto mmoja kati ya 3,000. Dalili yake ya mapema ni madoa ya rangi hiyohiyo ya chai ya maziwa. Kwa mtoto ambaye hajabalehe tunahesabu yenye upana unaozidi milimita 5, na yakifika 6 au zaidi anahitaji kuonwa na daktari wa watoto. Doa moja au mawili watu wengi wanayo na hayana maana. Kwa mtu mzima kipimo ni milimita 15. Tazama na vitone vidogo kwapani na kwenye kinena, na vinundu laini chini ya ngozi.

Jichunguze na wewe. Kama huna madoa, huna vitone kwapani, huna vinundu vingine, basi kinundu kimoja ulimini pengine hakina undugu wowote na ngozi ya mwanao, na karibu nusu ya wenye ugonjwa huo hawakuurithi kwa mzazi yeyote. Hapo hoja ya "yametoka kwako" inakosa miguu. Kama unayo, uwezekano wa nyurofibroma unapanda, na daktari wako lazima ajue kabla ya kukata, kwa kuwa ni kwa wenye ugonjwa huo, hasa kwenye aina inayosambaa kama mizizi, ndipo tunapoogopa kugeuka kansa. Unaona jinsi madoa ya mtoto yanavyoweza kubadilisha mpango wa ulimi wa mama.

Mahali pa kuanzia, Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, inapokea rufaa za kanda yote ya ziwa, hivyo barua ya rufaa itakurahisishia. Pale unaweza kuomba akuone mpasuaji wa kinywa na uso, ukalinganisha maelezo na gharama zake na zile 150,000 za kliniki. Kuuliza mara mbili si kumdharau daktari wa kwanza. Bei yoyote utakayotajiwa, uliza kama ndani yake kuna kipimo cha nyama, fomalini, na kurudi kukaguliwa, maana mara nyingi bei ndogo imekata hivyo vitatu.

Ukienda, beba karatasi ya majibu yenyewe, si picha ya simu, na usiiache huko bila kubaki na nakala. Na jioni ya leo, ukimwogesha mwanao kabla jua halijazama, mgeuze kwenye mwanga, hesabu madoa, pima sita makubwa kwa rula yake ya shule, andika nyuma ya daftari. Kisha mwombe baba yake akuangalie mgongoni na wewe, maana huko huwezi kujiona.